Konokono Mwenye Miiba

Mwanafunzi mmoja wa Masisi aliniuliza: je, konokono wa bahari aweza kuishi ziwani? Hasha! Lakini yuko mmoja aliyewadanganya hata wataalamu, naye huitwa Tiphobia horei. Hukaa katika matope ya vilindi vya Ziwa Tanganyika. Kombe lake ni jembamba, lenye miiba mirefu. Edgar Smith, Mwingereza, alimpa jina hilo mwaka 1880. Mwenzake Moore alifika ziwani mwaka 1896, akashikilia kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale. Alikosea, maana alitazama mno sura. Leo konokono huyu huhesabiwa katika jamaa ya Paludomidae, ambao ni wa maji yasiyo na chumvi. Katika Ziwa Kivu, jirani yetu, hayumo kabisa.