Uvungu wa Kitanda



Kila nyumba ina makopo matupu, magunia mabovu na jembe lisilo na mpini. Kila kimoja twasema, “Kitafaa siku moja.” Siku hiyo haiji, waja panya na nge.

Mbona basi hatuviondoi? Si uvivu tu. Macho yamevizoea, hayavioni tena.

Mimi nami nilikuwa mtu wa “kesho”. Mwisho sikuianza nyumba nzima. Nilianza na uvungu wa kitanda kimoja. Nilitoa vyote uani, juani. Hapo nikaviona kama mgeni avionavyo. Sufuria nzima niliyoificha miaka mitatu nikampa jirani aliyeolewa juzi. Matambara nikayachoma. Lakini chungu cha marehemu mama nikakirudisha ndani: si kila cha zamani ni takataka.

Angalieni jambo moja. Makopo msiyatupe nyuma ya nyumba. Mvua ikiyajaza, mbu hutaga humo, na kwa siku 7 hadi 10 wapya wameruka. Yafukieni.

Jumamosi hii, mama, uvungu mmoja tu. Wa pili utakuita wenyewe.