Land Rover Bila Petroli: Barua kwa Mafundi wa Tanga

Kwa ndugu zangu mafundi, wakubwa kwa wadogo, na kwa kila mwenye gari kuukuu lililolala uani.

Huku Newcastle, kaskazini ya Uingereza, kazi yangu ya karakana inaendelea. Lililonifanya nishike kalamu ni jambo nililoliona kwa macho na kulishika kwa mikono, nami sioni kuwa ni haki kukaa nalo peke yangu: ya kwamba Land Rover ya zamani, mfano wa zile zilizozunguka katika mashamba ya mkonge baina ya Muheza na Korogwe, yaweza kutolewa injini yake iliyochoka, ikatiwa mota na betri zilizofunguliwa katika gari la umeme lililopata ajali, ikaenda na kupanda mlima bila ya kudai tone la petroli.

Gari tunalolifungua mara nyingi ni Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010, na ambalo mwaka 2013 lilianza kuundwa hapa jirani, Sunderland. Likipondeka, na wenye bima wakaona gharama ya kulitengeneza yazidi thamani yake, huliandikia daraja. La daraja B bodi lake ni lazima lisagwe, bali vyombo vyake vyaruhusiwa kuuzwa. Ndani ya mzoga huo mna mota ya kilowati 80, inveta ya kuiendesha, na sanduku la betri lenye moduli 48, kila moduli ikiwa na seli 4, ambazo zikiungwa zote hutoa volti zipatazo 360, na zilipokuwa mpya zilihifadhi kilowati-saa 24.

Sehemu kubwa ya kazi hii mnaijua tayari. Giaboksi ya Land Rover hubaki mahali pake, na baina yake na mota huwekwa bamba nene la alumini, pamoja na kiungo kilichokerezwa ili shafti mbili zizunguke kama moja; vitovu vyake vikipishana kwa unywele tu, beringi hazitaishi, na kwa hiyo namtegemea zaidi yule mzee wa mashine ya kerezo, aliyezoea kuchonga spea zisizopatikana dukani, kuliko kijana mwenye vyeti asiyewahi kushika chuma. Mota hii hutoa nguvu zake zote za kuzungusha, nyutoni-mita 280 katika yale ya mwanzo, tangu gari limesimama, na ekseli za Land Rover hizo zilijulikana kwa kukatika hata zilipovutwa na injini yao wenyewe. Basi ni sharti nguvu hizo zipunguzwe katika kompyuta ya inveta.

Na hiyo kompyuta ndiyo iliyowakwamisha wengi, maana inveta haitii amri mpaka isikie ujumbe iliouzoea kutoka katika gari lake la asili. Watu kama Damien Maguire wa Ireland na Johannes Huebner wa Ujerumani waliichunguza lugha hiyo, wakabuni bodi za kuviamrisha vyombo hivi, hata inveta za Toyota Prius, wakaitoa sehemu kubwa ya elimu yao kwa umma, na mimi kwa ajili hiyo nawaheshimu mno.

Sasa nawaomba mnisikilize kwa moyo wote. Petroli huonya kwa harufu, lakini umeme wa betri hauna harufu wala sauti. Tena haugeukigeuki kama ule wa majumbani, ambao hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, na kwa sababu hiyo cheche ya umeme wa betri ikishawaka baina ya vyuma viwili hainyamazi upesi. Kabla ya kugusa waya wowote wa rangi ya machungwa, pete na saa zivuliwe, betri ndogo ya volti 12 ifunguliwe, plagi ya usalama iliyo katikati ya sakafu ichomolewe, na aliyeichomoa aitie mfukoni mwake ili asiwepo wa kuirudisha kwa kutojua. Kisha zingojwe dakika 10, kapasita za inveta zipungukiwe na umeme, ndipo mita ithibitishe kuwa umeme umekwisha, mikononi mkiwa na glovu za mpira zilizopimwa kwa volti 1,000 na juu yake glovu za ngozi. Hata hapo jueni kwamba plagi hiyo imelikata sanduku nusu kwa nusu tu: kila nusu ingali hai kwa volti zipatazo 180, na hakuna swichi ya kuizima seli. Asifanye mtu kazi hii peke yake.

Katika kununua, tahadharini na joto. Betri ya Leaf haina maji ya kuipoza, na jua kali huidhoofisha. Dashibodi yake ina vistari 12 vya kuonyesha uzima wa betri, na kimoja kikipotea, sehemu ya 15 kwa mia imekwisha kwenda. Leaf la kwanza, likiwa jipya, lilipimwa Marekani kuwa huenda kilomita 117 kwa chaji moja. Land Rover, kwa uzito wake na bodi lake la pembe nne, itakwenda pungufu, basi msimwahidi mteja safari ya Dar es Salaam.

Nairobi jambo hili si geni, kwani kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa mwaka 2017 na ambayo leo yaitwa Roam, imekwisha kubadilisha magari ya kupeleka wageni mbugani. Lakini hofu yangu ni kwenu. Magari ya umeme yaliyotumika yanashuka katika bandari zetu, nayo yatachakaa humo humo nchini, na sanduku la betri la mojawapo likiangukia kwa muuza vyuma chakavu mwenye nyundo na patasi, laweza kuwaka moto mtaa mzima ukaona. Likiangukia kwa fundi mwenye elimu, moduli zake zilizochoka kwa barabara bado zitawasha taa na feni za nyumba kwa miaka.

Kwa hiyo nawasihi mchague karakana moja na vijana wawili wenye utulivu, mniandikie majina yao. Michoro ya bamba na vipimo vya kiungo nitaituma mara tu mtakaponijulisha kwamba glovu na mita zimekwisha kununuliwa. Kabla ya hapo sitaituma, hata akiniomba kaka yangu wa tumbo moja.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa Tanga, akaaye Newcastle.