Kusubiri kwa Uangalizi Nako ni Matibabu

Mgonjwa akiambiwa kwamba ana saratani ya damu, kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani bila dawa, huelewa mojawapo ya mambo mawili: ama amekatiwa tamaa, ama hana ugonjwa mkubwa. Yote mawili si kweli, na yote mawili humfanya aache kliniki.

Ndivyo inavyotokea kwa baadhi ya wenye lukemia sugu ya limfosaiti, ugonjwa unaowapata zaidi watu wa umri mkubwa na ambao mara nyingi hukua polepole. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa wagonjwa wa hatua ya awali waliopewa klorambusili mapema hawakuishi muda mrefu kuliko waliosubiri. Kuchelewesha dawa, basi, ni uamuzi wa kitaalamu. Kasoro ni kusubiri bila mpango.

Daktari bingwa hapaswi kumwaga mgonjwa kwa neno “utarudi” peke yake. Ampe maandishi yanayotaja ugonjwa, hatua uliyofikia, tarehe ya kurudi na dalili za kuwahi hospitali: homa, jasho jingi la usiku, kukonda bila sababu, uchovu unaozidi, au tezi za shingoni, kwapani na kinenani zinazokua haraka.

Mpango huo unaweza kufuatwa karibu na nyumbani. Mfumo wa Binet wa mwaka 1981 hupanga hatua za ugonjwa kwa kupapasa tezi, ini na bandama, pamoja na kipimo cha picha kamili ya damu. Hemoglobini ikiwa chini ya gramu 10 kwa desilita, au chembe sahani chini ya 100,000 kwa mikrolita, ugonjwa umefika hatua C. Hospitali ya wilaya yenye mashine ya kipimo hicho inaweza kumfuatilia mgonjwa wa Kigoma au Mtwara, na kumpeleka kwa bingwa hali inapobadilika. Nauli ya Dar es Salaam isiwe sharti la kila kipimo.

Wahudumu wa ngazi hiyo nao waelezwe mambo matatu. Kwanza, kinga ya mgonjwa huyu ni dhaifu: akipata homa apimwe malaria, lakini uchunguzi usiishie hapo. Pili, asipewe chanjo zenye vimelea hai, ikiwemo ya homa ya manjano. Chanjo ya nimonia humfaa. Tatu, apimwe homa ya ini aina ya B kabla ya kuanza rituksimabu, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kuamsha virusi vilivyolala.

Hakuna hata moja kati ya haya linalongoja mashine mpya. Yanahitaji karatasi moja iliyojazwa vizuri, nakala yake ibaki wilayani, na simu ya bingwa ipokelewe.