Kitabu Kilichofungiwa Kabatini



Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulitukumbusha kwamba Mungu aliikusudia dunia na vyote vilivyomo kwa matumizi ya watu wote. Tusikiapo fundisho hilo huwaza mashamba, maji na chakula. Ni nadra kuwaza vitabu. Hata hivyo, anyimwaye maarifa hunyimwa pia njia ya kujipatia hayo mengine.

Mwaka 2016 ada ilifutwa katika shule za serikali nchini Tanzania hadi kidato cha nne. Mlango wa darasa umefunguliwa; je, kabati la vitabu nalo? Katika shule kadha wa kadha vitabu vimo, lakini vimefungiwa kwa kufuli. Mwalimu anayevitunza huhofu kwamba kikipotea kimoja, yeye ndiye atakayedaiwa. Hatumlaumu, amekabidhiwa dhamana pasipo msaada. Lakini kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimetimiza kazi yake, na kile kilicholiwa na mchwa kabatini wamedhulumiwa watoto wote. Tena hawadhulumiki sawasawa: mtoto wa mwenye uwezo hununuliwa kitabu, bali wa maskini hana kingine ila kile cha shule.

Wapo wanaodhani kuwa maktaba ya kisasa ni kompyuta na intaneti tu. Hivyo ni vyema, na penye umeme vipokelewe kwa shukrani. Lakini kwanza usasa ni utaratibu: vitabu vilivyopangwa, rejesta ya waazimaji, saa zinazojulikana, na mtu wa kumwongoza msomaji ili apambanue kweli na uongo, hasa siku hizi ambapo uvumi hufika kwenye simu kabla ya habari yenyewe.

Maktaba ya namna hiyo isiishie kwa wanafunzi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamgusa kila mkulima, na mwaka 2021 Bunge lilipitisha kwamba Kiswahili ndicho lugha ya sheria za nchi. Yafaa nini, ikiwa kijijini hapana hata nakala moja ya kusoma? Mzazi aijuaye haki yake hadanganyiki kwa urahisi mbele ya mnunuzi wa shamba.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kamati ya shule ipange siku ambazo maktaba itakuwa wazi kwa wanafunzi na kwa wanakijiji. Jumuiya Ndogo Ndogo zitoe watu wa kujitolea kumsaidia mwalimu kuandikisha na kukarabati vitabu. Na hasara ya kitabu kilichopotea ibebwe na wote, isikatwe katika mshahara wa mmoja.

Tunawasihi viongozi wa walei walifikishe jambo hili vikaoni kabla shule hazijafungwa. Ufunguo wa kabati uko mikononi mwetu.

Amani ya Kristo iwe nanyi.