KODI YA MAJENGO: NYUMBA YA KUISHI SI GHALA



Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Mwaka 2023 viwango vilipanda: nyumba ya kawaida sh. 18,000 kwa mwaka, yaani sh. 1,500 kila mwezi. Ghorofa za mjini sh. 90,000 kwa kila sakafu.

Kodi hatuikatai. Zahanati haijengwi kwa maneno. Tunachohoji ni kipimo. Nyumba ya vyumba viwili ya mjane inakatwa sawa na ghala la mfanyabiashara, maadamu yote mawili hayana ghorofa. Mmoja anajihifadhi, mwingine anaingiza faida kila siku. Usawa huo uko kwenye risiti tu.

Na mpangaji je? Anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Kama mwenye nyumba hakupunguzii pango, unamlipia deni lake.

Maoni yetu: majengo ya biashara yathaminiwe, yalipe kwa thamani yake, makazi yabaki na kiwango cha chini. Viwango hupitishwa bungeni, hivyo hoja tunaipeleka kwa mbunge. Wapangaji, tunzeni meseji za LUKU, mje nazo kikao cha Jumapili.

Katibu Mwenezi wa Tawi