Chuo Namba Moja, kwa Nani?

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nyumbani, Tanga. Kama ilivyo kawaida yetu sisi wana Tanga tuliohamia Dar, nilikwenda kwa siku mbili nikakaa tano. Waja leo waondoka leo, ndivyo wasemavyo. Lakini mwenyeji anajua kuwa anayeondoka leo ni yule ambaye hajaonja samaki wa Deep Sea.

Jioni moja nilikuwa nimekaa barazani Ngamiani, kikombe cha kahawa mkono mmoja, kipande cha kashata mkono wa pili, akaja mpwa wangu. Kamaliza kidato cha sita mwaka huu na matokeo yake si mabaya. Akanipa simu yake nisome. Ilikuwa orodha ya vyuo vikuu vya Tanzania, kimepangwa cha kwanza mpaka cha mwisho.

"Mjomba," akaniambia, "mimi nataka hiki namba moja tu. Nikikikosa, bora nisubiri mwakani."

Kabla sijajibu, mzee mmoja aliyekuwa akicheza bao pembeni, wala hakuinua kichwa, akauliza: "Namba moja kwa nani, mwanangu?"

Kijana akacheka. Mimi sikucheka. Nimekuwa nikilitafuna swali lile tangu siku hiyo, na leo naomba tulitafune wote.

Kwanza niungame. Habari za namna hii nimewahi kuziandika mwenyewe. Chuo kinaleta taarifa kwa vyombo vya habari: tumeshika nafasi fulani nchini, nafasi fulani Afrika. Mwandishi unaweka kichwa kikubwa, unaongeza picha ya mahafali, unamtumia mhariri, umemaliza kazi ya siku. Hata mara moja sikuuliza kilichopimwa ni nini. Nilikuwa kama mtu anayetangaza matokeo ya mechi bila kujua ni mpira wa miguu au wa pete.

Haya, tuangalie wanapima nini.

Webometrics, orodha ambayo vyuo vyetu vimeipenda sana, ilianzishwa mwaka 2004 na watafiti wa Hispania. Katika matoleo yake ya kuanzia mwaka 2021, nusu nzima ya alama, asilimia 50, ilitokana na tovuti ya chuo: ni tovuti ngapi nyingine duniani zinaielekeza. Asilimia 40 ilitokana na makala za kitaaluma zinazonukuliwa sana, na 10 iliyobaki ni kunukuliwa kwa watafiti wakubwa wa chuo. Hakuna pahala anapoulizwa mwanafunzi kama mhadhiri wake anaingia darasani. Hakuna pahala panapohesabiwa wangapi wamekaa chini kwenye ngazi za ukumbi kwa sababu viti vimejaa.

Ndiyo maana orodha zenyewe hazikubaliani. Kwa Webometrics, Mlimani imekuwa ya kwanza nchini mara nyingi. Ukifungua orodha ya Times Higher Education ya Uingereza, toleo la 2023, unakuta Muhimbili imetangulia. Sababu haina uchawi: makala za utafiti wa tiba hunukuliwa sana duniani, na Muhimbili kazi yake ni hiyo. Je, kijana anayetaka kusoma sheria au uhasibu imsaidie nini?

Wakubwa nao wana yao. Mwaka 2022, profesa wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, anaitwa Michael Thaddeus, alikaa akakagua takwimu ambazo chuo chake mwenyewe kilipeleka kwa jarida la U.S. News. Akaonyesha kuwa nyingi haziendani na ukweli. Mwaka huo huo Columbia ikaporomoka kutoka nafasi ya 2 hadi ya 18. Jiulize: walimu ni wale wale, maktaba ni ile ile, wanafunzi ni wale wale. Kilichoporomoka ni nini hasa?

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi orodha hizi ni takataka. Zimevisukuma vyuo kuboresha tovuti zao na kuweka utafiti wazi ili hata mtu wa Korogwe mwenye simu ausome. Hilo ni jambo jema. Ninachosema ni kwamba mizani ya kupimia nazi huwezi kupimia kitambaa.

Sasa nije kwenye kilichoniuma zaidi: mchanganyiko wa wanafunzi. Orodha nyingi siku hizi zinajisifu kuwa zinapima na hilo. Times Higher Education wametenga asilimia 7.5 ya alama kwa sura ya kimataifa ya chuo. Humo mna sehemu ya wanafunzi wageni, sehemu ya walimu wageni, na utafiti ulioandikwa pamoja na wageni. Kwa maneno mengine, mwanafunzi anayeleta alama ni yule mwenye pasipoti.

Twende Horohoro, mpakani, kilomita 65 hivi kutoka Tanga mjini. Upande huu ni Mkinga, upande wa pili ni Lunga Lunga, Kenya. Wadigo wako huku na Wadigo wako kule. Wanaoana, wanazikana, wanadaiana. Binti wa Vanga akivuka mpaka kuja kusoma kwetu, chuo kinapata alama ya mchanganyiko. Binamu yake wa Moa, aliyezaliwa mwendo mfupi tu kutoka pale, akiingia chuo hicho hicho, chuo hakipati kitu. Hata kama yeye ndiye wa kwanza katika ukoo wake mzima kukanyaga chuo kikuu. Hata kama mama yake aliuza dagaa miaka sita kumfikisha hapo.

Kwa Wamarekani ni kinyume kabisa. Kipimo cha U.S. News cha mchanganyiko kinaanzia 0 mpaka 1 na kinauliza: ukikutana na mwanafunzi mwenzako yeyote, kuna uwezekano gani akawa wa asili tofauti na yako? Hapo wanafunzi kutoka nje ya nchi wanawekwa kando. Wao wana historia yao ya utumwa na ubaguzi, na kipimo chao kinaijibu historia hiyo. Hawakuazima cha mtu. Sisi ndio tunaazima.

Wala si kwamba hatuna historia ya kujibu. Tarehe 25 Oktoba 1961 chuo kikuu chetu cha kwanza kilipofunguliwa katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, wanafunzi walikuwa 14, wote wa sheria. Mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri wa Sheria. Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma: hakuna kwenda chuo kikuu moja kwa moja kutoka shule, kwanza ukafanye kazi. Nia ilikuwa kuwaleta wakulima na wafanyakazi darasani. Lakini idadi ya wanawake ikashuka, maana msichana akiingia kazini na kuolewa, kurudi shule ni hadithi nyingine. Ikabidi wanawake waruhusiwe tena kwenda moja kwa moja. Baadaye zikaja kozi za awali za kuwasaidia wasichana kuingia sayansi na uhandisi.

Unaona hapo? Walihesabu, wakagundua kasoro, wakarekebisha. Hakuna mtu wa Hispania wala Uingereza aliyetutuma.

Leo tunahesabu nini? Wanaume wangapi, wanawake wangapi, basi. Kabila hatuulizi, na ni vizuri; sensa ya mwisho iliyouliza kabila ilikuwa ya 1967. Lakini kutouliza kabila isiwe kisingizio cha kutouliza kitu kingine chochote.

Najua kuna atakayesema ukihesabu mikoa unaleta ukabila. Huyo namkaribisha Tanga. Aende kwenye mashamba ya mkonge ya Muheza na Korogwe aitishe majina darasani. Mkonge wenyewe ni mgeni: Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikapona 62. Mashamba yalipokua wakaletwa manamba kutoka kila kona, Wanyamwezi, Waha, Wamakonde, Wabena, na wengi hawakurudi kwao. Wajukuu wao ni watu wa Tanga. Kiswahili chao ni cha Tanga, na umaskini wao pia ni wa Tanga. Ukihesabu mkoa pale hujahesabu kabila. Umehesabu umbali uliopo kati ya mtoto na mlango wa chuo.

Ila uhesabu kwa akili. Ukiuliza mwanafunzi ametoka shule gani ya kidato cha sita utadanganyika. Galanos na Usagara ziko Tanga, lakini vijana wa kidato cha tano hupangiwa shule kutoka nchi nzima. Kijana wa Galanos anaweza kuwa wa Kagera, na wa kwetu akawa yuko Mbeya. Uliza alimalizia wapi darasa la saba. Hapo ndipo utajua.

Kwa nini nayasema haya sasa? Kwa sababu Chuo Kikuu Mzumbe kinajenga kampasi yake ya Tanga huko huko Mkinga. Ni sehemu ya mradi wa HEET, ambao Benki ya Dunia iliupitishia dola milioni 425 mwaka 2021, na mojawapo ya shabaha zake ni kupeleka vyuo vikuu vya umma kwenye mikoa isiyokuwa navyo. Nilifurahi niliposikia. Mkoa wetu umekaa miaka yote ukisindikiza watoto stendi.

Lakini furaha yangu ina hofu ndani yake. Naiona kampasi imekamilika, imepakwa rangi, ina tovuti nzuri, imepanda nafasi mbili kwenye orodha. Na watu wa Mkinga wanafanya nini? Wanapangisha vyumba. Wanauza chipsi. Wanapakia wanachuo kwenye bodaboda. Kazi halali zote hizo, sizidharau hata kidogo. Lakini kama miaka kumi baadaye mtoto wa Mkinga anaijua kampasi kwa kupeleka abiria getini tu, hapo tumejenga nini?

Na wale watoto wasioona wanaosoma Irente, kule Lushoto? Wakifaulu mpaka mwisho, watakuta vitabu wanavyoweza kuvisoma, au watakuta ngazi na ahadi?

Kuna watakaosema ukiwabeba wa pembeni, taaluma itashuka. Hao nawakumbusha Amani, juu ya milima ya Usambara, humo humo mkoani kwetu. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti pale mwaka 1902. Kuanzia miaka ya 1930, chini ya Waingereza, watafiti wakaanza kupandanisha muhogo na jamaa zake wa porini ili kupata muhogo unaostahimili ugonjwa wa batobato. Mbegu zilizotokana na kazi ile zikapelekwa mpaka Nigeria, zikawa msingi wa aina nyingi za muhogo zinazolimwa Afrika leo. Tafakari mfano huo. Muhogo wa shambani peke yake ulikuwa unakufa. Kilichouokoa ni damu ya porini ambayo hakuna aliyeithamini. Taaluma bora na mchanganyiko havikugombana Amani. Kimoja kilizaa kingine.

Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora. Wapo waliolalamika, wapo waliopongeza. Mimi nilikuwa katikati. Kuficha orodha hakumponyi aliyekuwa wa mwisho. Dawa ni kuwa na orodha inayouliza maswali ya kwetu.

Mimi ninayo manne. Kila chuo kikuu cha umma kitangaze kila mwaka: wanafunzi wapya wametoka mikoa na wilaya gani, kwa kuangalia darasa la saba? Wangapi wamepitia shule za serikali za kata? Wangapi wana ulemavu, na wamewekewa nini? Na la nne, ambalo ndilo kubwa: kati ya kila kundi, wangapi wamemaliza? Maana kumwingiza mtoto wa Mkinga mwaka wa kwanza, bumu likachelewa, akarudi nyumbani mwaka wa pili, huo si mchanganyiko. Huo ni utalii.

Takwimu hizi zipo. Ziko kwenye fomu ambazo wanafunzi wenyewe wamezijaza. Hazihitaji mkopo wala mshauri kutoka nje.

Nirudi kwa mpwa wangu. Usiku ule tulikaa mpaka kahawa ikaisha. Sikumwambia asiende namba moja. Nilimwuliza anataka kusoma nini, akasema uhasibu. Nikamwuliza kama anajua nani anafundisha uhasibu vizuri, wahitimu wake wanaajiriwa wapi, hosteli zipo au utapanga. Hakuna alilojua hata moja, na ile orodha haikuwa na jibu hata moja. Asubuhi yake nilimkuta anawapigia simu vijana wa mtaani walio vyuoni, anauliza.

Mzee wa bao sikumwona tena. Lakini swali lake nimelibeba mpaka Dar, na kuanzia sasa kila taarifa ya chuo itakayotua mezani kwangu nitaijibu hivyo hivyo: namba moja kwa nani?

Wewe je, chuoni kwenu, aliyekaa nawe kwenye kimbweta alitokea wapi? Na yupi hukumwona tena mwaka wa pili?