Swichi ndogo isilaze trekta shambani

Wenye matrekta wengi huhesabu dizeli na vipuri vikubwa, lakini swichi huisahau hadi siku inapogoma. Msimu wa kulima, trekta likilala siku moja hasara si bei ya swichi, bali ni eka zisizolimwa huku mvua ikipita.

Swichi huliwa na mambo mawili: msuguano wa vipande vya chuma vinavyogusana, ambao vumbi huuzidisha, na cheche zinazoruka umeme unapokatwa. Taa mbili za wati 55 kwenye betri ya volti 12 huvuta takriban ampea 9. Ukifunga rilei, mzigo huo hubebwa na rilei, ambayo ni rahisi kubadilisha, na swichi hupitisha umeme kidogo tu.

Mafundi wetu waache kupiga msasa, kwani hukwangua utando wa fedha kwenye swichi zilizo nao. Waache pia grisi ya beringi, inayonasa vumbi. Ipo grisi maalumu ya swichi. Ipakwe kidogo, waya wa betri ukiwa umetolewa.

Wauza pembejeo nao wavilete vifaa hivi vijijini. Mwenye trekta alinganishe bei yake na kipato cha siku moja ya kulima, kisha aamue.